Michezo ya magari kwenye simu: jinsi ya kuendesha vizuri na kufika mbali

Mtu anapoingiza mchezo wa magari kwenye simu yake kwa mara ya kwanza, mambo huwa yale yale. Anabonyeza pedeli ya mwendo bila kuachia, gari linaruka kilima cha kwanza, linapinduka, na mchezo unaisha kabla hata dakika moja haijapita. Anarudia mara kumi, anaona hakuna kinachobadilika, kisha anaamua kwamba simu yake ni mbovu au kwamba mchezo umetengenezwa ili mtu asishinde. Wengine huenda mbali zaidi: wanatoa pesa kununua sarafu za ndani ya mchezo, au wanatafuta mitaani toleo linalosemekana kuwa na sarafu zisizoisha. Hapo ndipo hasara ya kweli inapoanzia.

Katika makala hii tunaeleza jinsi michezo hii inavyofanya kazi, mambo ya kujifunza kwanza, na jinsi ya kuendelea bila kutoa shilingi hata moja. Mfano wetu mkuu ni Hill Climb Racing. Tumeuchagua kwa sababu hauhitaji simu ya bei kubwa, unachezwa hata mahali pasipo na mtandao, na una pedeli mbili tu. Baadaye tutagusia michezo ya kushindana na magari mengine, kama Asphalt, ambayo ina mbinu zake.

Michezo hii ilitoka wapi

Kabla ya simu na kabla ya kompyuta za nyumbani, michezo ya magari ilichezwa kwenye mashine kubwa zilizowekwa kwenye kumbi za burudani na baa, hasa Marekani na Japani. Mchezaji alitumbukiza sarafu, akashika usukani, akaendesha mpaka muda wake ulipokwisha. Mwaka 1974 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Gran Trak 10, mashine iliyokuwa na usukani, pedeli na gia. Mwaka 1982 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Pole Position, na mwaka 1986 Sega, pia ya Japani, ikatoa Out Run, ambapo dereva alichagua njia mwenyewe kila barabara ilipogawanyika.

Historia hiyo bado inaonekana katika michezo ya leo. Mwenye mashine alitaka mchezaji acheze kwa muda mfupi, ashindwe, kisha atoe sarafu nyingine. Kwa hiyo mchezo ulitengenezwa uwe rahisi kuuanza na mgumu kuumaliza. Gari halikufuata sheria zote za barabarani: lilikata kona kwa mwendo ambao gari la kweli lisingeweza, na likigonga kitu liliendelea na safari baada ya sekunde chache. Michezo ya namna hii ni tofauti na ile inayoiga gari halisi kwa kila kitu, ambako hata joto la matairi huhesabiwa. Michezo mingi ya magari kwenye simu ni ya aina ya kwanza.

Jambo hili lina maana kwa anayetaka kuwa hodari. Katika mchezo wa aina hii, kazi yako ya kwanza ni kuzijua sheria za mchezo wenyewe. Dereva wa lori mwenye uzoefu wa miaka ishirini anaweza kushindwa na mtoto wa miaka kumi, kwa sababu mtoto ameshagundua mchezo unataka nini.

Hill Climb Racing kwa ufupi

Mchezo huu ulitoka mwaka 2012. Uliundwa na Toni Fingerroos wa Ufini, na kampuni yake inaitwa Fingersoft, yenye makao katika mji wa Oulu. Toleo la pili lilitoka mwaka 2016. Kwa pamoja, matoleo haya mawili yamepakuliwa zaidi ya mara bilioni 1 duniani.

Unaendesha gari linaloonekana kwa ubavu, likielekea kulia juu ya vilima na mabonde. Upande wa kushoto wa kioo kuna pedeli ya breki, na upande wa kulia kuna pedeli ya mwendo, ile ambayo madereva wetu huiita eksileta. Ukishika breki mpaka gari lisimame na ukaendelea kuishika, gari linarudi nyuma. Njiani unaokota sarafu na madumu mekundu ya mafuta.

Safari inaisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuishiwa mafuta. Ya pili ni kichwa cha dereva kugonga ardhi au mwamba. Gari linaweza kugonga bampa, kuruka au kujikunja litakavyo, na safari ikaendelea. Kichwa kikigonga, mchezo umekwisha. Kwa hiyo kila unachofanya kina malengo mawili: kukilinda kichwa na kulifikia dumu linalofuata.

Somo la kwanza: kubonyeza na kuachia

Kosa kubwa la wanaoanza ni kushika eksileta bila kuachia. Pedeli ya kwenye kioo haina nusu. Ukiigusa, injini inatoa nguvu zake zote, na ukiiachia, nguvu inakatika. Njia ya kupata nguvu ya kiasi ni kugusa na kuachia, kugusa na kuachia, kwa mapigo mafupi.

Unapopanda mlima mkali, angalia tairi la mbele. Likianza kunyanyuka, achia eksileta mara moja. Tairi likishuka, gusa tena. Likiwa limeshanyanyuka sana, gusa breki kidogo na pua ya gari itarudi chini. Ukichelewa, gari litalala chali na kichwa kitagonga.

Jambo la pili ni kuuandaa mlima kabla ya kuufikia. Gari linalofika chini ya mlima likiwa na mwendo hupanda kwa urahisi kuliko linaloanzia pale likiwa limesimama, kama mwendesha baiskeli anavyokanyaga kwa nguvu kabla ya kupanda ili asishuke kuisukuma. Kwa hiyo kwenye mteremko ulio kabla ya mlima usishike breki bila sababu. Uache mwendo uongezeke.

Ukikwama katikati ya mlima, usiendelee kuyazungusha matairi hapo hapo. Rudi nyuma hadi bondeni, hata upande kidogo mteremko wa nyuma, kisha chukua mwendo na ujaribu tena. Utatumia mafuta, lakini machache kuliko ya kuhangaika mahali pamoja.

Somo la pili: kuliongoza gari likiwa hewani

Hapa ndipo wachezaji wazuri wanapotofautiana na wengine. Gari likiwa hewani, pedeli hubadilika kazi. Ukishika eksileta, pua ya gari inapanda na gari linazunguka kuelekea nyuma. Ukishika breki, pua inashuka na gari linazunguka kuelekea mbele.

Jambo hili halikubuniwa na watengenezaji wa mchezo. Gurudumu likiongezewa mzunguko wakati hakuna ardhi ya kulizuia, mwili wa chombo huzunguka upande wa pili. Waendesha pikipiki wa mashindano ya kuruka vilima hutumia kanuni hiyo hiyo: wakiwa hewani, wakiongeza moto pua inapanda, na wakikanyaga breki ya nyuma pua inashuka. Mchezo umeikuza tu kanuni hiyo ili iwe rahisi kuiona.

Kanuni ya kutua ni hii: ulalo wa gari ufanane na ulalo wa ardhi unayotua. Ukitua kwenye mteremko, pua ielekee chini. Ukitua kwenye mpando, pua ielekee juu. Matairi yote mawili yaguse kwa pamoja. Kutua kwa tairi moja, hasa la nyuma huku eksileta imeshikwa, ndiko kunakopindua magari mengi.

Kama una nafasi ya kuchagua, tua kwenye mteremko. Anayetua kwenye mteremko huteleza na kuendelea na mwendo wake, lakini anayetua mbele ya mpando hupigwa, hupoteza mwendo, na mara nyingi hupinduka. Ndiyo maana mchezaji hodari huachia eksileta kabla ya kilele cha kilima: anapunguza urefu wa mruko ili atue upande wa pili wa kilima hicho hicho, asivuke bonde na kugonga mlima wa mbele.

Zoezi: chukua safari tano ambazo hujali utafika wapi. Katika kila mruko, gusa breki kidogo hewani, kisha eksileta kidogo, uone pua inavyoitikia. Baada ya safari hizo vidole vitaanza kujibu vyenyewe bila kufikiri.

Somo la tatu: mafuta

Mafuta hupungua muda wote safari inapoendelea. Madumu yamepangwa njiani, na kadiri unavyokwenda mbali, nafasi kati ya dumu na dumu huongezeka. Kwa sababu hiyo mtu anayeendesha kwa woga sana hafiki mbali: hapinduki, lakini mafuta yanamwishia. Uendeshaji mzuri uko katikati ya mbio za kichaa na woga.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, usiruke juu ya dumu. Madumu hukaa karibu na ardhi, na mruko mrefu unaweza kukupitisha juu yake bila kuligusa. Ukiona kipimo cha mafuta kinakaribia mwisho, punguza miruko na ukae ardhini.

Pili, ukilipita dumu, amua haraka. Likiwa nyuma yako karibu na mafuta ni machache, rudi ulichukue. Kama bado una mafuta ya kutosha, endelea. Kusitasita ndiko kunakopoteza yote mawili.

Tatu, mafuta yakiisha gari halisimami papo hapo. Linaendelea kuserereka kwa mwendo lililokuwa nao. Anayejua kwamba anaishiwa huhakikisha anafika kileleni kabla ya tone la mwisho, ili mteremko umpeleke. Kama dumu linalofuata liko kwenye mteremko huo, ukiligusa safari inaendelea.

Sarafu na maboresho: tafuta kwanza kinachokuua

Sarafu unazokusanya hubaki zako hata ukipinduka. Zinaongezeka pia ukikaa hewani muda mrefu, ukijizungusha mzunguko mzima, na unapofikia alama za umbali zilizowekwa na mchezo. Kwa sarafu hizo unaboresha gari au unanunua gari jingine.

Gari la kwanza lina sehemu nne za kuboresha: injini, shokapu, matairi, na nguvu ya kuendesha magurudumu yote. Kila hatua ya uboreshaji ni ghali kuliko iliyotangulia. Hapa wengi hupotea, kwa sababu huweka sarafu zote kwenye injini. Injini kubwa kwenye gari lenye shokapu dhaifu hulipindua gari mapema zaidi kuliko mwanzo.

Njia nzuri ni kujiuliza: safari zangu kumi za mwisho ziliisha kwa nini?

Kama ulikwama kwenye milima mikali na gari likakosa nguvu, boresha injini. Kama matairi yalizunguka bila gari kusonga, boresha matairi na nguvu ya magurudumu yote. Kama ulipinduka wakati wa kutua, boresha shokapu, lakini kwanza rudia somo la pili, maana huenda tatizo ni kidole. Kama mafuta yaliisha huku ukiwa mzima, unahitaji mwendo zaidi, au unapoteza muda kwenye miruko isiyo na faida.

Andika sababu hizo kwenye karatasi. Baada ya safari kumi utaona moja imejirudia kuliko nyingine, na hiyo ndiyo ya kushughulikia.

Kuhusu kununua gari jipya, usikimbilie. Gari jipya ambalo halijaboreshwa mara nyingi halilifikii gari la zamani lililoboreshwa vizuri. Ukitumia sarafu zote kulinunua, unabaki na gari geni na mfuko mtupu. Subiri mpaka uwe na za kulinunua na za kuliboresha hatua chache.

Kila uwanja na tabia yake

Mchezo una viwanja vingi, na kila kimoja kinahitaji mkono wake. Uwanja wa kwanza ni wa mashambani, wenye vilima vya kawaida. Usiuache haraka. Hapo ndipo pa kujifunzia na kukusanyia sarafu.

Kwenye uwanja wa barafu matairi huteleza. Eksileta ya mapigo mafupi inafaa zaidi huko, kwa sababu ukiishika moja kwa moja magurudumu huzunguka bure. Kwenye uwanja wa mwezi gari hukaa hewani muda mrefu. Mwezi wa kweli una nguvu ya mvutano ipatayo moja ya sita ya ile ya dunia, na mchezo umeiga wepesi huo. Huko unapata nafasi ya kujizungusha mara kadhaa na kupata sarafu nyingi, lakini ukishapaa huwezi kushuka upesi. Mahali pa kutua pachague kabla hujaondoka ardhini.

Ukibadilisha uwanja, tegemea kushindwa mara kadhaa za kwanza. Bado hujayajua mashimo yake yako wapi. Mpangilio wa vilima haubadiliki kila safari, kwa hiyo kila unaposhindwa umejua sehemu moja zaidi ya njia. Ni kama mchezo wa bao: anayekumbuka kete zimekaa wapi hucheza tofauti na anayeziona upya kila zamu.

Mashindano ya kukimbizana: kona, kuteleza na nitro

Baadhi ya wasikilizaji wana simu zenye nguvu zaidi na wanacheza michezo kama Asphalt ya kampuni ya Gameloft ya Ufaransa. Asphalt 8 ilitoka mwaka 2013 na Asphalt 9 mwaka 2018. Huku unaliona gari kwa nyuma, unashindana na magari mengine, na ushindi au kushindwa huamuliwa kwenye kona.

Kanuni ya kwanza ni njia ya kupita kwenye kona: nje, ndani, nje. Kama kona inakwenda kushoto, ikaribie ukiwa upande wa kulia wa barabara, gusa ukingo wa kushoto katikati ya kona, kisha toka ukirudi kulia. Kwa njia hiyo kona inakuwa pana, na kona pana hupitika kwa mwendo mkubwa kuliko iliyobana. Madereva wa mashindano ya kweli hufanya hivyo hivyo.

Kanuni ya pili: ingia polepole, toka haraka. Tuseme baada ya kona kuna mnyoofu wa mita 400. Anayekwenda mita 40 kwa sekunde anaumaliza kwa sekunde 10. Aliyeingia kwenye kona kwa pupa, akagonga ukingo na kutoka akiwa na mita 32 kwa sekunde, akibaki na mwendo huo anaumaliza kwa sekunde 12 na nusu. Alichookoa mlangoni mwa kona ni sehemu ndogo ya sekunde, na alichopoteza ni sekunde mbili na nusu.

Kanuni ya tatu ni kuteleza kwa makusudi, jambo ambalo vijana huliita kudrifti. Kwenye Asphalt 8 unagusa breki huku unakata kona, na nyuma ya gari inaanza kuteleza. Kwa gari la kweli hiyo ni hatari na hupunguza mwendo. Kwenye mchezo inakusaidia kukata kona kali na wakati huo huo inajaza nitro, yaani nguvu ya ziada ya kukimbia. Tofauti hii ndiyo tuliyoitaja mwanzoni: mchezo una sheria zake.

Kanuni ya nne ni kuitumia nitro mahali panapofaa. Wanaoanza huiwasha mara tu inapojaa, hata kama kona iko mbele yao, na matokeo yake ni kugonga ukuta. Iwashe unapotoka kwenye kona, ukiwa umeshanyooka na mnyoofu uko mbele. Nitro haijazwi na kuteleza peke yake. Chupa za njiani, miruko, na kupita karibu sana na magari mengine bila kuyagonga huijaza pia.

Mwisho, tazama mbele. Anayeangalia bampa la gari lake huona hatari ikiwa imeshafika. Macho yakae pale gari litakapokuwa baada ya sekunde mbili.

Jinsi ya kufanya mazoezi

Dakika 20 zenye lengo ni bora kuliko saa 3 za kurudiarudia kosa lile lile. Chagua jambo moja kwa siku. Leo ni kutua tu, kesho ni milima tu. Andika umbali uliofika. Ukiona safari tatu mfululizo zinazidi kuwa mbaya, pumzika, kwa sababu vidole vilivyochoka hujifunza makosa.

Mazingira nayo huchangia. Futa kioo, maana vumbi na jasho hufanya mguso usisomeke vizuri. Funga programu nyingine kabla ya kuanza. Usicheze juani au simu ikiwa kwenye chaji: simu ikipata joto sana hupunguza kasi yake yenyewe ili isiharibike, na mchezo unaanza kukwama. Punguza mwanga wa kioo ukiwa ndani, kwani kioo ndicho kinachokula chaji nyingi. Kwa anayelipia kuchaji simu kwenye kibanda cha sola, hilo ni jambo la pesa.

Pesa, watoto na matoleo ya wizi

Kuingiza mchezo kama Hill Climb Racing hakulipiwi. Kampuni hupata pesa kwa matangazo na kwa kuuza sarafu au vito vya ndani ya mchezo kwa pesa halisi. Hakuna kitu kwenye mchezo huo kinachokulazimu kununua ili ujue kuendesha. Anayenunua gari kubwa kabla ya kujua kutua atapinduka na gari kubwa.

Matangazo hula bando. Ukizima data kabla ya kufungua Hill Climb Racing, unaendelea kucheza bila bando kuguswa. Michezo mingine, ikiwemo Asphalt 9, inahitaji mtandao na nafasi kubwa kwenye simu, kwa hiyo angalia ukubwa wake kabla ya kupakua.

Kama simu ni ya familia na watoto huitumia, ingia kwenye mipangilio ya duka la programu na uweke nywila iombwe kwa kila ununuzi. Mtoto wa miaka saba hajui kwamba kubonyeza picha ya vito kunaweza kuchukua pesa za mama kwenye kadi au namba ya simu iliyounganishwa na duka hilo. Usimpe mtoto namba yako ya siri ya pesa za simu, hata kwa dakika moja.

Onyo kubwa zaidi ni kuhusu matoleo yanayosambazwa kwa WhatsApp, Telegram au na vijana wa kuweka nyimbo kwenye simu, yanayodaiwa kuwa na sarafu zisizoisha. Faili hilo si la kampuni iliyotengeneza mchezo. Mtu mwingine amelifungua na kulibadilisha, na hujui ameongeza nini. Programu ya namna hiyo ikiomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, inaweza kuona namba za uthibitisho zinazotumwa na benki au huduma za pesa za simu. Mchezo wa gari hauna sababu yoyote ya kusoma ujumbe wako. Ukiombwa ruhusa hiyo, kataa na uiondoe programu. Kama ulishairuhusu, iondoe, badilisha namba yako ya siri, na uwasiliane na huduma kwa wateja ya mtandao wako.

Mchezo na barabara ya kweli

Kuna mambo ya mchezo yanayofaa barabarani: kutazama mbele, kupunguza mwendo kabla ya kona, na kutokuwa na pupa. Mengine ni hatari. Kwenye mchezo, kupita karibu na gari jingine ni sifa na huongeza nitro. Kwenye barabara ya vumbi, ukiwa na bodaboda na abiria nyuma, ni ajali. Kwenye mchezo dereva anapinduka na baada ya sekunde tatu yuko tayari tena. Wazazi wazungumze na vijana wao kuhusu tofauti hiyo waziwazi, hasa wale wanaoanza kuendesha pikipiki. Na simu isichezwe na mtu aliye kwenye usukani, hata kama foleni imesimama.

Mambo ya kukumbuka

Bonyeza na kuachia, usikandamize. Hewani, eksileta hupandisha pua na breki huishusha. Tua kwa matairi yote mawili, kwa ulalo wa ardhi. Kaa ardhini mafuta yanapopungua. Boresha kile kinachokuua, hatua moja baada ya nyingine. Kwenye kona, nenda nje, ndani, nje, na nitro iwashe unapotoka. Zima data, linda namba ya siri, na usikubali faili la sarafu za bure.

Anayefuata mambo haya kwa wiki moja, dakika chache kila siku, ataona umbali wake unaongezeka bila kununua chochote.